Pinioni ya Pembe ya Ng'ombe

Gari langu ni Pijo 404, pikapu, la mwaka 1974, na sitaki mtu anishauri niliuze. Wamenishauri wengi. Mwanangu Theoneste, aliye Mwanza, hunipigia simu kila Jumapili baada ya misa, na kabla hajauliza nimekula nini anauliza kama bado naendesha lile kopo. Naendesha. Ninaishi Nyakakika peke yangu tangu Agosti ya mwaka jana, na mtu anayeishi peke yake akiambiwa auze kitu pekee kinachonguruma anapokigusa, ana haki ya kukata simu.

Spidomita ya gari hilo ilikufa miaka kumi na tano iliyopita na sikuihangaikia. Dereva wa siku nyingi anajua mwendo wake kwa kusikiliza injini. Lakini mwezi Juni mwaka huu nilianza kuitafutia spea kwa haraka kama mtu mwenye mgonjwa ndani, na watu wa Omurushaka wakaanza kusema mzee Desderius upweke umempanda kichwani. Sababu yangu haikuwa ya kuelezwa dukani, katikati ya watu wanaonunua tyubu za pikipiki.

Sababu ni hii. Mwaka wa mvua za Elinino, Januari 1998, nilikuwa dereva wa chama cha ushirika wa kahawa, na Pijo hiyo ilikuwa ya chama. Mke wangu Kokuberwa alikuwa na mimba ya Theoneste, mimba iliyomsumbua hadi akaamriwa alale tu kitandani, kwa hiyo binti yetu Vero, wa miaka mitatu, tulikuwa tumempeleka kwa mama yangu kule Nkwenda, upande ambao siku hizi ni Wilaya ya Kyerwa. Nikiwa Nkwenda kikazi nikaambiwa mtoto ana homa kali. Nilimlaza kwenye kiti, nikamfunika koti langu, nikaondoka naye kuelekea hospitali.

Hatukufika. Mto ulikuwa umefunika daraja mbele yetu, na nilipogeuza nikakuta bonde nililolipita muda mfupi nyuma nalo limejaa maji. Vero alikata roho alasiri hiyo katika nyumba ya watu nisiowajua, walioniona nimesimama barabarani kwenye mvua nikiwa nimembeba. Asubuhi yake walimzika kwenye kibanja chao, kwenye migomba inayoizunguka nyumba, kwa sababu njia ilifungwa siku tatu. Kwetu mtu huzikwa kwa baba yake, kati ya migomba ya kwao. Mwanangu alilala kwa watu, na mimi sikurudi tena pale.

Mwaka jana Kokuberwa akafa. Tulimzika nyuma ya nyumba, na kila asubuhi nikitoka na kikombe cha chai naliona kaburi lake liko peke yake kwenye ile nafasi kubwa. Misa ya kutimiza mwaka ilipangwa katikati ya Agosti. Nikajiwekea neno kwamba kabla ya misa hiyo nitakwenda kuchukua udongo kidogo wa kaburi la Vero, niuweke pembeni ya mama yake. Nilimuuliza padri, akasema hakuna ubaya. Lililobaki ni kulipata kaburi, na mimi sikujua liko wapi.

Siku ile kulikuwa na mvua tupu na migomba tupu. Wenye nyumba waliniambia majina yao, nami sikuyasikia. Barabara yenyewe tangu hapo imepanuliwa, imenyooshwa, imechongwa milima. Nilichokuwa nacho ni kitabu cha safari cha chama, kilichobaki chini ya kiti siku chama kilipovunjika na gari likawa langu. Hata siku ile, kwa mazoea ya kidereva, mkono uliandika wenyewe: geti la godauni Nkwenda, namba hizi, kugeuza, namba hizi, kusimama, namba hizi. Nikitoa kipande nilichorudi nyuma, kutoka getini hadi kusimama ilikuwa kilomita ishirini na tatu na nukta nne.

Edgar, muuza spea wa Omurushaka, ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia nataka kupima kilomita. Akatoa simu yake. "Mzee, hii inapima hadi hatua za miguu. Kuna haja gani ya kuhangaika na Pijo?"

Nilimweleza kwamba Pijo ile ilifungwa matairi makubwa kuliko ya kwake tangu ikiwa ya chama, na mpaka leo naivalisha saizi hiyohiyo. Tairi kubwa linadanganya spidomita. Kilomita moja ya gari langu ni ndefu kuliko kilomita ya serikali, na kwa kiasi gani, sijui.

"Si unalinganisha na safari nyingine za kitabu hicho? Chukua ya Omurushaka kwenda Kayanga, tupime kwa simu, tupige hesabu."

Kijana ana akili, lakini hakuwahi kuwa dereva wa shirika. Safari nyingine zote za kitabu kile nilizipika. Dereva yeyote wa wakati ule atanielewa: ukitaka kupita mahali kuchukua mzigo wako, unaongeza kilomita nne hapa, unazipunguza pale, ili mwisho wa mwezi vitu vikae sawa. Nilikuwa fundi wa kazi hiyo, na karani hakuwahi kunishika. Kati ya kurasa mia mbili, mstari mmoja tu ndio wa kweli, na huo ndio wa siku aliyokufa mwanangu. Sikumwambia Edgar hayo. Nilimwambia anitafutie pinioni.

Asiyelijua gari la zamani nimweleze kidogo. Nyuma ya giaboksi kuna kigia kidogo kama kidole gumba, tunakiita pinioni. Kinazungushwa na shafti ya gari, nacho kinazungusha waya mrefu ulio ndani ya mpira, waya unapanda mpaka dashibodi na kuzungusha namba. Vikifa hivyo viwili, namba zinalala. Waya wangu ulikuwa umekatika, na pinioni ilikuwa imelika mpaka imekuwa laini kama kokwa la embe. Edgar alinionyesha sensa ya Noah, akanionyesha waya wa bajaji, akanionyesha na picha za pinioni kwenye simu, ziko nchi za mbali ambako wazee matajiri wanachezea magari kama langu. Ingefika baada ya miezi mitatu, kama ingefika. Nikaondoka bila kumuaga, jambo ambalo si zuri, lakini ndivyo nilivyo.

Wiki iliyofuata nikasikia kwamba Nyabiyonza kuna Pijo iliyokufa, kwa mtu anayeitwa Cleophace. Nikaenda. Iko nyuma ya jiko lake, imezama kwenye udongo hadi kwenye ringi, na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Cleophace ni mgane kama mimi, lakini yeye amechagua dawa ya maneno. Aliniletea akamwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo kama mgeni wa heshima, akaanza kunieleza gari lilivyonunuliwa, lilivyobeba bibi harusi, lilivyopinduka na kuinuka. Mimi nilikuwa nimeshalala chini yake na spana.

"Kaa basi kwanza, waitu," aliniambia, kwa lile neno letu la kubembeleza. "Gari halikimbii hilo."

"Nina haraka."

"Haraka ya kwenda kwa nani?"

Hakusema kwa ubaya. Nilimsikia vizuri, nikajifanya nati imenishinda. Nilitoka na waya mzima, wenye kutu ya juu tu, na pinioni yenye meno upande mmoja, upande mwingine umeliwa. Aliniomba nipite tena nikimaliza kazi nimwambie kama imezunguka. Nilisema nitapita. Mpaka sasa sijapita.

Waya niliulaza kwenye dizeli siku mbili, nikaupaka grisi, ukawa unateleza ndani ya mpira wake vizuri. Pinioni ndiyo iliyoniangusha. Mafundi watatu wa magari waliishika, wakaigeuza, wakanirudishia. Wa mwisho akaniambia kwa kejeli nimpelekee fundi saa. Nikaona kwa mara ya kwanza fundi gari ametoa ushauri wa maana.

Clavery ana meza ya kutengeneza saa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa pale Kayanga. Zamani ulikuwa unapanga foleni. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, na yeye anakaa na kioo chake cha jicho kimoja akitengeneza redio, miwani, zipu za mabegi. Alikishika kile kigia kwa koleo dogo, akakitazama muda mrefu kuliko daktari aliyemtazama mke wangu.

"Meno kumi na nane," alisema. "Tisa yapo. Yamelala kidogo, hayakusimama wima. Nani amekwambia hakitengenezeki?"

"Wote."

"Wote hawana kazi ya kufanya, wana haraka tu."

Chuma alikikataa, akasema kitakula shafti ya gari. Plastiki akasema itayeyuka. Akatoa chini ya meza kipande cha pembe ya ng'ombe wetu hawa wenye pembe ndefu, cheusi kwenye ncha na cha rangi ya maziwa huku chini. Alikichemsha, akakibana kwenye jiliwa mpaka kikanyooka, akakikata duara, akaanza kupiga tupa. Nilikuwa nakwenda kila siku na kukaa kwenye kigoda pembeni yake. Nilijiambia naenda kusimamia kazi. Ukweli ni kwamba zilikuwa siku nne ambazo nilikuwa na mahali pa kwenda.

Siku ya tatu pinioni ilikamilika, nikaifunga pale pale barabarani, ikakataa. Clavery aliitazama, akaitazama tena, akavua kioo cha jicho. Alikuwa amegandamiza ile ya zamani kwenye sabuni ili apate alama ya meno, kisha akachonga kwa kufuata alama, akasahau kwamba alama ya sabuni huja kinyume. Meno yote kumi na nane yalikuwa yamelala upande usio wake. Hakulalamika. Alichukua kipande kingine cha pembe akakiweka kwenye sufuria.

"Sasa niambie," alisema wakati maji yanachemka. "Hakuna mtu anayetaka spidomita kiasi hiki. Unakwenda kupima nini?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini yeye, labda kwa sababu hakuwa ananitazama. Nilimweleza habari za Vero, za mvua, za kibanja cha watu, na za kitabu cha safari. Aliendelea kukoleza moto.

"Si uulize watu wa njiani? Watu husahau mambo yote lakini si msiba waliouzika wenyewe."

"Niwaulize nini? Kwamba nimemwacha wapi mwanangu?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

Hapo nikamwambia na lile lingine, ambalo sikuwahi kumwambia mtu, wala padri. Siku ile kabla ya kuondoka Nkwenda nilisimama saa nzima kupakia mikungu ya ndizi. Nilikuwa nimemuahidi mnunuzi wa Omurushaka. Nilipakia mwenyewe, Vero akiwa kitini ndani ya gari, ananiita na mimi namwambia sasa hivi. Wale watu walionipokea walisema daraja lilifunikwa muda si mrefu kabla sijafika. Ningeondoka bila ndizi, ningepita. Na kwa siku tatu pale, ndizi zilezile ndizo zilizopikwa na kuliwa na waliokuja kuzika. Wenye nyumba walizishusha wao wenyewe kutoka kwenye gari langu, wakaniuliza ni za nani, nikasema zangu.

Kokuberwa nilimwambia tu kwamba Vero amezikwa kwa watu wema, karibu na barabara. Alipojifungua na kupata nguvu aliniomba nimpeleke. Nikasema mvua ziishe. Zikaisha, akaniomba, nikasema msimu wa kahawa uishe. Aliniomba mara ya tatu nikiwa nakula, nikasukuma sahani nikatoka nje. Niliogopa kwamba atakaa na yule mama mwenye nyumba, wataongea kama akina mama wanavyoongea, na zile ndizi zitatajwa. Baada ya hapo hakuniomba tena. Nilifurahi alipoacha. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na haya ninayo miaka ishirini na sita.

Clavery alitoa pembe kwenye maji kwa koleo. Alisema pole, mara moja tu, akarudi kwenye tupa yake. Nilimshukuru moyoni kwa kutoongeza neno.

Pinioni ya pili ilikaa. Niliiminya mahali pake, nikafunga waya, nikaendesha taratibu kutoka kwa Clavery mpaka kituo cha mafuta, na namba nyekundu ya mwisho, ile ya vipande vya kilomita, ikajinyanyua kama mtu aliyelala sana, ikageuka. Nilisimamisha gari nikakaa ndani nikiitazama. Kama Kokuberwa angekuwa hai ningempigia simu. Nilishika simu kabisa kabla sijakumbuka.

Jumatano iliyofuata niliamka mapema, nikapitia Omurushaka, nikaenda mpaka Nkwenda. Nilichukua mfuko safi wa kitambaa kwa ajili ya udongo na jembe dogo la mkono. Godauni la chama lipo bado, sasa wanasaga mahindi humo, na geti la chuma ni lilelile. Niliweka tairi la mbele sawa na nguzo ya geti, nikaandika namba kwenye karatasi, nikageuza kurudi.

Niliendesha polepole mpaka bodaboda wakawa wananipita wakinipigia honi. Sikuwa na mtu wa kuongea naye, kwa hiyo nilikuwa nazisoma namba kwa sauti. Kilomita tano. Kilomita tisa. Nilipofika kumi na tano nilianza kuona kila mgomba ni ule. Ishirini. Ishirini na mbili. Nikapunguza mwendo zaidi. Ishirini na tatu na nukta nne ilipotimia nikakanyaga breki.

Hapakuwa na kitu. Barabara hapo imepita katikati ya kilima kilichochongwa, kuta mbili za udongo mwekundu zimesimama kulia na kushoto, na chini kuna mfereji wa zege. Nilikwenda mbele mita mia tano, nikarudi. Nikashuka, nikapanda ukingo mmoja, nikaona nyasi. Nikapanda ukingo wa pili, nikaona miche ya kahawa midogo midogo na migomba kwa mbali. Nilirudi kwenye gari nikakaa kwenye bodi ya nyuma. Nilijua kosa liko wapi: njia imenyooshwa, kona zimekatwa, hesabu haiwezi kukaa. Nilikuwa nimejua hivyo tangu Juni. Nilikuwa tu nataka kazi ya kushika, nikaipata, sasa imeisha, na mwanangu sijampata. Nililia. Magari yalipita, na nadhani walidhani nimeharibikiwa.

Mwanamke mmoja alikuwa anashuka kutoka kule kwenye kahawa, na jembe begani. Alikuwa wa umri wa miaka arobaini hivi. Hakuja moja kwa moja kwangu. Alikwenda kwanza mbele ya gari akalitazama, akazunguka ubavuni, ndipo akanifikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Limekufa?"

"Hapana. Napumzika."

Aliweka jembe chini. "Hii Pijo ndiyo ile iliyokaa kwetu wakati wa mvua," alisema, na hakuwa anauliza. "Wewe ni tata wa Vero, baba yake."

Alisema jina lake ni Prudensia, na kwamba siku ile alikuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyetumwa kunichotea maji ya kunawa. Wazazi wake wote wamekufa, amebaki yeye na kibanja. Alinisaidia kushuka kwenye bodi, nikachukua mfuko na jembe langu, akanishika mkono kama mtu anayemvusha kipofu, tukapanda ukingo. Ilikuwa hatua kama mia tatu kutoka gari liliposimama. Njia ya zamani bado inaonekana pale, imeota nyasi, ikizunguka kilima.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, pamoja na makaburi ya wazazi wake. Limezungushiwa omuramura, ule mti tunaopanda mipakani, umekatwa vizuri kwa usawa. Pamefagiwa. Kuna msalaba mdogo wa saruji, na kwenye saruji, kabla haijakauka, mtu ameandika kwa kijiti: Veronika, amezaliwa tarehe 9 Novemba 1994. Nilisoma mara mbili. Mimi mwenyewe tarehe hiyo huwa siikumbuki mpaka nifikirie.

"Nani kaandika?" niliuliza.

"Mama yake."

"Mama yake alikufa mwaka jana."

Prudensia alikaa chini, pale pale kwenye udongo, akaweka mikono kichwani. Alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa na ndugu yake, na mimi nikasimama nikimtazama, nisijue nani kati yetu anapaswa kumpa mwenzake pole. Alipotulia alijifuta kwa kanga.

"Nilijua tu," alisema. "Mwaka jana hakuja. Hajawahi kukosa."

Ndipo akanieleza. Kokuberwa alifika kwao mwaka uleule, mwezi wa saba, na mtoto mgongoni. Alikuwa ameshuka kwenye basi Nkwenda, akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba akifuata barabara kwa miguu: nani alimzika mtoto wa dereva wakati wa mvua. Alilala njiani kwa watu. Siku ya pili jioni alifika. Tangu hapo alikuwa anakuja kila mwaka, anakaa usiku mmoja, analima pale, anafagia, anarudi.

Kila mwaka. Kila mwezi wa saba mke wangu alikuwa na semina ya akina mama wa kanisa, Bukoba, siku mbili tatu. Nilikuwa nampeleka mwenyewe stendi ya Omurushaka kwa Pijo hii. Nilikuwa namshusha na begi lake, nageuza gari, naondoka kabla hajapanda, kwa sababu sipendi kelele za stendi.

"Mama yako alimwambia mke wangu nini?" nilimuuliza Prudensia. "Kuhusu siku ile."

"Alimwambia yote."

"Yote yapi?"

Alitazama pembeni, kwa heshima. "Yote, tata. Na ndizi. Mama Vero alisikiliza mpaka mwisho, akasema, kumbe ndilo hilo linalomzuia kuja."

Basi alijua. Alijua tangu Theoneste akiwa hajaota jino, na alirudi nyumbani akanipikia, akanifulia, akazeeka na mimi, akaugua mikononi mwangu, na hakuniambia. Miaka yote ile mimi nilikuwa namficha kitu ambacho alikuwa nacho mfukoni.

"Baba yangu alitaka kukutafuta akulete," Prudensia aliendelea. "Mama Vero akakataa kabisa. Alisema mwacheni, atakuja mwenyewe. Ila kila akifika hapa, hata hajatua begi, alikuwa anatuuliza: hajafika bado? Tunamwambia bado. Anasema haya, anachukua jembe."

Nilimwambia nimefuata udongo, akachukua jembe langu la mkono, akachota udongo karibu na msalaba, akautia kwenye mfuko kidogo kidogo, akiondoa vijiwe. Kisha akaenda ndani kuniletea maji ya kunywa. Nilikaa pale kwenye ukingo wa kaburi nikijaribu kukumbuka mwaka mmoja, hata mmoja tu, ambao Kokuberwa alirudi na mimi nikamuuliza semina ilikuwaje. Sikuupata.